Kanuni za ukanda wa biashara: nani huamua duka lako lisimame wapi, kutoka Kiambere hadi Marikiti

Sehemu ya umeme tunaotumia Pwani hutoka mbali. Kuna laini kubwa ya nyaya inayoanzia Kiambere, kaunti ya Embu, ikakata nyika hadi Rabai, na kutoka hapo umeme ukasambazwa Mombasa na kwengineko. Kiambere iko Mbeere Kusini, upande mkavu wa kaunti hiyo. Bwawa lake lilianza kazi 1988 juu ya mto Tana, mto huohuo unaopita Garsen na kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Na Mbeere hiyohiyo ndiko unakolimwa muguka, jani lililotia moto siasa za Pwani mwezi wa Mei 2024.

Kuna jambo jengine linalotuunganisha na watu wa huko, nalo halisemwi sana. Mwenye duka la unga sokoni Kiambere na mwenye duka la leso Biashara Street, Mombasa, wako chini ya sheria moja ya mipango ya ardhi. Sheria hiyo ndiyo inayosema ni wapi duka linaruhusiwa, jengo liwe na urefu gani, liache nafasi kiasi gani mbele ya barabara, na kama familia inaweza kulala juu ya duka lake. Wengi wetu huijua siku alama ya X nyekundu inapopakwa ukutani. Siku hiyo mambo mengi huwa yashaamuliwa, tena kwa njia ya halali, katika vikao ambavyo hatukwenda.

Makala haya yanaeleza kanuni hizo kwa lugha ya mwenye duka: ni nini, zinatoka wapi, nani ana kauli, na wewe una haki gani katika kila hatua.

Kanuni za ukanda ni nini

Mji unapopangwa, ardhi yake hugawanywa katika kanda. Kila ukanda hupewa kazi: makaazi, biashara, viwanda, shule, na kadhalika. Kisha kila ukanda huwekewa masharti. Ramani na masharti hayo kwa pamoja ndizo kanuni za ukanda.

Katika ukanda wa biashara, masharti ya kawaida ni haya:

Matumizi yanayoruhusiwa. Duka la rejareja, benki, ofisi, mkahawa na nyumba ya wageni kwa kawaida huruhusiwa. Gereji, karakana ya kuchomelea vyuma, mashine ya kusaga au bohari ya saruji huenda zikawekewa sharti maalumu au zikapelekwa ukanda wa viwanda.

Sehemu ya kiwanja inayofunikwa. Kanuni ikisema asilimia 75, basi kiwanja cha futi 40 kwa 80, ambacho ni futi mraba 3,200, kitajengwa chini futi mraba 2,400 tu. Zinazobaki ni za hewa, maji ya mvua, gari la zimamoto na shimo la choo.

Uwiano wa sakafu kwa kiwanja. Hapa huhesabiwa sakafu zote kwa jumla. Uwiano wa 2 kwenye kiwanja hichohicho ni futi mraba 6,400 za sakafu. Unaweza kuzipata kwa sakafu tatu pana au nne nyembamba, bora jumla isipite. Uwiano huu ndio hupandisha na kushusha bei ya kiwanja kuliko sharti jengine lolote, na ndio maana matajiri wa ujenzi huuliza hili mwanzo.

Mstari wa ujenzi. Ni umbali ambao ukuta wa mbele hauruhusiwi kuupita kuelekea barabarani. Usichanganye mstari huu na hifadhi ya barabara. Hifadhi ya barabara ni ardhi ya umma, na jengo lililo juu yake halina ulinzi hata kama limekaa miaka 30. Mstari wa ujenzi uko ndani ya kiwanja chako mwenyewe.

Maegesho, kelele, mabango na maji taka. Haya huonekana madogo, lakini maombi mengi hukwama hapa, hasa maegesho katika miji ya zamani iliyojengwa kabla ya gari.

Rangi na namba za ramani

Ukienda ofisi ya mipango ya kaunti ukaonyeshwa ramani, usitishike na rangi. Wapangaji wa Kenya hutumia utaratibu mmoja unaojulikana nchi nzima. Namba 0 ni makaazi, kwa rangi ya kahawia. Namba 1 ni viwanda, zambarau. Namba 2 ni elimu, rangi ya chungwa. Namba 3 ni burudani na viwanja vya wazi, kijani. Namba 4 ni huduma za umma, manjano. Namba 5 ni biashara, nyekundu. Namba 6 ni maji, umeme na mitambo ya huduma, buluu. Namba 7 ni barabara na uchukuzi, kijivu.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza ofisini ni fupi: kiwanja changu kina rangi gani, na ramani hii imepitishwa au bado ni rasimu? Misikiti, makanisa na zahanati kwa kawaida huangukia manjano. Ukiona msikiti wa mtaani umechorewa ndani ya rangi nyekundu bila alama yoyote, hilo ni jambo la kuuliza mapema, kabla rasimu haijapita.

Sheria inatoka wapi, na nani mwenye kauli

Shina lake ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 66 kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu. Vifungu hivi viwili huvutana kila mara jirani anapotaka kujenga ghorofa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, pamoja na masoko na leseni za biashara.

Chini ya Katiba kuna sheria tatu za kuzijua kwa majina. Ya kwanza ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Ya pili ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inayotaka kila jiji na manispaa iwe na mpango wa matumizi ya ardhi na ujenzi, upitishwe na Bunge la Kaunti na uangaliwe upya kila miaka mitano. Ya tatu ni Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, ambayo baada ya kurekebishwa 2019 imeweka ngazi za miji kwa idadi ya watu: jiji 250,000, manispaa 50,000, mji 10,000, na kituo cha soko 2,000.

Kwa hivyo mwenye kauli ya kwanza ni kaunti. Mkurugenzi wa mipango na maafisa wake huandaa, waziri wa kaunti anayehusika na mipango hutoa ruhusa ya ujenzi, na wawakilishi wadi hupitisha mipango ya miji. Chifu hana mamlaka haya. Wala mbunge. Mtu akikwambia mbunge kashasema jenga, mwambie aandike na aweke sahihi ya ofisi ya mipango.

Soko dogo: somo la Kiambere

Huenda msomaji akauliza, kanuni za ukanda zina haja gani mahali kama Kiambere, kituo cha soko chenye maduka pembezoni mwa barabara? Jibu ni kwamba mahali pale ndipo zinapofaa kuliko popote, kwa kuwa bado kuna nafasi ya kupanga.

Masoko mengi ya bara na ya Pwani yalianza namna moja. Watu walikutana njiapanda siku ya soko, mabaraza ya kaunti ya zamani yakagawa viwanja vidogo vya biashara kwa barua ya kugawiwa, na mwenye barua akajenga duka mbele na vyumba nyuma. Wengi hawakufika hatua ya kupata hatimiliki. Mabaraza hayo yalikwisha baada ya uchaguzi wa 2013, kaunti zikarithi madaftari, na barua nyengine zimebaki kwenye mikoba ya kina bibi. Soko likikua, lami ikija au umeme ukisambazwa, thamani ya kiwanja hupanda ghafla na ndipo barua mbili za kiwanja kimoja hujitokeza.

Mahali penye mitambo mikubwa kuna sharti la ziada. Kando ya bwawa na mto kuna ardhi isiyojengwa. Chini ya nyaya za umeme mkubwa kuna njia ya nyaya isiyowekewa nyumba. Mwenye duka katika mji wa namna hiyo anaweza kuwa na barua halali na bado akawa amebanwa na mistari mitatu: hifadhi ya barabara, kingo za maji na njia ya nyaya. Sisi tunaoishi karibu na Rabai, au kandokando ya Tana kutoka Hola hadi Kipini, tuna mistari hiyohiyo. Kabla ya kununua kiwanja cha biashara mahali kama hapo, mpimaji aje aionyeshe mistari hiyo kwa vigingi, si kwa kidole.

Mijini kwetu: duka chini, watu juu

Mji wa Pwani haukujengwa kwa kutenga. Kuanzia Mji wa Kale, Mombasa, hadi barabara kuu ya Lamu inayopita ndani ya mji, duka liko chini na watu wako juu, baraza liko nje na msikiti uko hatua chache. Kanuni za kutenga ardhi kwa kazi moja moja ziliingia na ukoloni. Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki 1913 kuangalia afya ya miji, na ripoti yake ilipendekeza kanda za kutenganisha watu kwa rangi. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuacha sera hiyo ya makaazi mijini katika waraka wake wa 1923, lakini mazoea ya kuchora mji kwa vipande yalibaki.

Hili si jambo la historia tu. Rasimu ya mpango ikisema ukanda fulani ni wa biashara pekee, familia inayolala juu ya duka inakuwa imekiuka masharti bila kuhama hata hatua moja. Ikisema biashara pamoja na makaazi, familia hiyo iko salama. Tofauti ni maneno mawili kwenye jedwali la kanuni. Kila anayeishi juu ya duka, Mombasa, Malindi au Lamu, ayatafute maneno hayo.

Mji wa Kale una safu ya pili ya sheria. Ni eneo la hifadhi, na Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inafanya kazi pamoja na sheria ya mipango, kwa hivyo ruhusa ya kaunti peke yake haitoshi kubadilisha mlango wa nakshi kuwa shata la chuma. Zanzibar wana mfano wao: Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na sheria yake tangu 1994.

Halafu kuna jambo letu sisi ambalo wenzetu wa Mbeere hawalijui sana: nyumba bila ardhi. Katika Majengo na mitaa mengine ya Mombasa, mtu anamiliki nyumba na mwengine anamiliki ardhi, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mzizi wake ni wa zamani, na sheria ya 1908 ya kusajili hatimiliki za Pwani iliutia nguvu. Katika kanuni za ukanda, maombi ya kubadilisha matumizi yanafungamana na umiliki wa ardhi. Mwenye ardhi anaweza kuomba kiwanja kigeuzwe kutoka makaazi hadi biashara, thamani ikapanda, na mwenye nyumba akaambiwa abomoe. Ndiyo maana mwenye nyumba bila ardhi ana haja ya kusoma matangazo ya mabadiliko ya matumizi kuliko mtu yeyote mjini. Yeye ni mtu aliyeathirika, na mtu aliyeathirika ana haki ya kupinga.

Ardhi ya wakfu nayo ina utaratibu wake. Duka lililojengwa juu ya wakfu haliombewi mabadiliko na mpangaji kwa jina lake. Msimamizi wa wakfu ndiye anayehusika, na Tume ya Wakfu iko kwa mujibu wa sheria kuangalia kwamba mali hiyo inabaki katika makusudi ya aliyeiweka.

Leseni si ruhusa ya mahali

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu ana leseni ya biashara ya kaunti, kalipa kila mwaka, na kila asubuhi hulipa ushuru wa soko akapewa risiti. Siku ya kubomolewa huitoa bahasha nzima ya risiti na kuuliza, mbona mlinitoza?

Swali lake ni la haki, lakini jibu la sheria ni chungu. Leseni humruhusu mtu kufanya biashara. Haisemi kwamba jengo lile au mahali pale pameruhusiwa kwa biashara hiyo. Ruhusa ya mahali hutoka chini ya sheria ya mipango, na ni karatasi nyengine kabisa. Ushuru wa siku ni malipo ya huduma ya soko, na haukupi haki ya ardhi. Mchuuzi wa Marikiti, Mwembe Tayari au Kongowea anaweza kuwa na karatasi ya kwanza na ya tatu, akakosa ya pili.

Hata hivyo usizitupe risiti. Hazithibitishi umiliki, lakini zinathibitisha kwamba ulikuwepo, tangu lini, na kwamba kaunti ilijua. Panapotokea mazungumzo ya kuhamishwa au kesi, ushahidi huo una uzito.

Ukitaka kujenga au kubadilisha matumizi

Sheria ya 2019 haitaki mtu aanze ujenzi au abadilishe matumizi bila ruhusa ya kaunti. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na kutakiwa arudishe mahali kama palivyokuwa. Hatua kwa kawaida huenda hivi:

Kwanza, hakikisha umiliki na ramani ya kiwanja. Pata nakala ya karibuni kutoka ofisi ya ardhi, usitegemee ya muuzaji.

Pili, tafuta mpangaji miji aliyesajiliwa akuandikie ripoti ya mabadiliko, na msanifu akuchoree jengo. Kama jengo ni kubwa au lina athari kwa mazingira, Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, nayo ina masharti yake.

Tatu, tangaza. Sheria inataka umma ujulishwe na uitwe kuleta pingamizi. Kwa mazoea, tangazo huwekwa gazetini na bango hupachikwa kwenye kiwanja chenyewe.

Nne, wasilisha maombi, lipa ada, na uweke nakala yenye mhuri wa tarehe ya kupokelewa. Tarehe hii ni muhimu kwa sababu moja: sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa itahesabiwa imetolewa. Bila mhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Tano, ukikataliwa, unatakiwa upewe sababu. Una siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti, nayo inatakiwa isikilize ndani ya siku 14. Usiporidhika, unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Jirani akitaka kugeuza nyumba kuwa baa au bohari

Haki ya kuomba inakwenda sambamba na haki ya kupinga. Huna haja ya kuwa na hatimiliki ndipo upinge. Mpangaji, imamu wa msikiti wa jirani, mwalimu wa madrasa au mama anayeuza mahamri mlangoni, wote wanaweza kuandika. Pingamizi zuri ni fupi na lina mambo manne: namba ya kiwanja, wewe ni nani na unakaa umbali gani, madhara utakayoyapata, na kanuni au mpango unaokiukwa. Maneno kama "hatutaki" hayamsaidii afisa aliye upande wako. Maneno kama "barabara ina upana wa mita sita na malori hayawezi kugeuka" humsaidia.

Saini 200 zenye namba za vitambulisho zina nguvu kuliko kelele za watu 1,000. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri urudi nayo nyumbani. Na uamuzi ukitolewa kinyume chako, siku zilezile 14 za rufaa zinakuhusu pia, kwa kuwa sheria haikumtaja mwombaji peke yake. Imemtaja na mtu mwengine mwenye maslahi.

Ukiletewa notisi

Afisa akikuletea notisi ya kusimamisha au kuondoa jengo, soma mambo matatu: kosa lililotajwa, unachotakiwa ufanye, na siku ulizopewa. Andika tarehe na saa uliyoipokea. Rufaa ya notisi hii nayo huenda kwa Kamati ya Uhusiano ndani ya siku 14. Usingoje siku ya 13 kutafuta wakili, wala usiichane notisi. Kuichana hakuifuti, na kutoitii ni kosa jengine lenye faini kama ile ya kujenga bila ruhusa.

Muguka na swali la "wapi"

Sasa turudi Mbeere. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Sharif Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wazee wengi wa Pwani, na viongozi wa dini, waliunga mkono kwa kuwa wameona vijana wao wanavyoharibika. Wakulima wa Mbeere nao walilia, kwa kuwa jani hilo ndilo karo ya shule katika nchi isiyo na mvua ya kutosha mahindi. Rais William Ruto alisema amri hizo hazina nguvu kwa kugongana na sheria ya kitaifa: muguka umo katika mazao yanayotambuliwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, na una kanuni zake za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha amri hizo kwa muda.

Kila mtu ana rai yake kuhusu jani lenyewe, nami rai yangu ni kwamba watoto wetu hawalihitaji. Lakini kwa makala haya, lililo muhimu ni tofauti ya maswali mawili. Swali la kama zao liuzwe nchini limeshikwa na sheria ya kitaifa. Swali la wapi kibanda kisimame, karibu na nini, na mtaa gani ni wa makaazi, liko katika kazi za kaunti kwa Jedwali la Nne. Mfano tunao tayari. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 haikupiga marufuku pombe. Ilisema baa ikae umbali wa angalau mita 300 kutoka shule za watoto, na mzazi yeyote mwenye kamba ya kupimia anaweza kuitumia sheria hiyo.

Kanuni ya ukanda inayosema vibanda vya kutafunia haviwi katika mitaa ya makaazi wala karibu na shule na madrasa, ikiandikwa ndani ya mpango, ikapita kwenye vikao vya wananchi na Bunge la Kaunti, itakuwa na msingi imara zaidi kuliko amri ya siku moja. Pia haimgusi mkulima wa Kiambere shambani kwake. Na huko Kiambere wenyewe, mzazi anayetaka shule ya kijiji isizungukwe na vibanda anaweza kutumia njia hiyohiyo. Njia hii ni ya polepole na haina picha za televisheni. Inahitaji watu wakae vikaoni.

La kufanya kabla ramani haijapita

Mipango ya miji hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti, na wananchi hupewa siku za kukagua rasimu na kutoa maoni. Siku hizo zimeandikwa kwenye tangazo lenyewe. Kamati ya msikiti, chama cha wafanyabiashara wa soko au kikundi cha kina mama kimteue mtu mmoja wa kuyafuatilia matangazo hayo na kuyabandika ubaoni kwa Kiswahili.

Kama ofisi inasitasita kukuonyesha ramani, andika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Barua yenyewe haihitaji wakili: jina lako, unachokitaka, sahihi na tarehe.

Mkishaipata ramani, itandazeni mezani baada ya Alasiri, muitane watu wa mtaa, na kila mmoja atafute kiwanja chake. Tazameni rangi, kisha jedwali la masharti, kisha upana wa barabara uliochorwa ukilinganishwa na ulioko. Andikeni yasiyofaa kwa namba za viwanja, mpeleke kwa mhuri, na siku ya kikao mfike kabla ya viti kujaa.